Mwimbaji wa Nchi ya Mahindi

Riyadh, 4 Novemba 2024

Dada yangu mpenzi Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Nimefika salama kwa mwanao Hamad, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe kwa mkono wake, maana kampuni yao inamtuma Jeddah kila baada ya wiki mbili tatu. Mkewe Huda na watoto hawajambo. Wamenipa chumba cha uani chenye kiyoyozi kinachonguruma kama trekta, nami nimefurahi, kwa kuwa umri wangu wote wa utu uzima nimelala karibu na matrekta. Shemeji Mubarak anaendeleaje? Hamad ananambia tangu kile kiharusi bado hajarejewa na maneno, lakini anakula na anakasirika. Mtu anayekasirika yuko hai.

Usinune kwa kuwa nimeshukia Riyadh badala ya kwako. Wewe una mume wa kumlisha na kumgeuza, na nyumba yako ya mtaani Ghulail ina vyumba viwili. Nipumzike kidogo hapa, kisha nakuja. Na simu usinipigie. Vumbi la huku limenikaba koo, sauti inatoka kama bawaba yenye kutu. Tuandikiane, kama zamani nilipokwenda Amerika mara ya kwanza.

Mwaka ule nilipokuja kumzika Mama uliniuliza swali uwanja wa ndege, nikalikwepa. Ulisema, "Hebu nambie kweli, Haidar, huko Amerika unafanya nini hasa?" Marehemu Baba aliwaambia watu wote kwamba mimi ni injinia wa mashine za kilimo. Dada, uinjinia nilisoma mwaka mmoja na nusu. Tangu hapo nimekuwa mwimbaji. Si wa taarabu wala si wa dansi. Ni mtu mmoja na gitaa lake, anatunga nyimbo kuhusu watu anaoishi nao, kisha anawaimbia wenyewe. Kule Iowa, Minnesota na Wisconsin, bara kabisa, mahali ambapo mtu huzaliwa na kufa hajaiona bahari, wako wazee wanaozijua nyimbo zangu kwa moyo. Nimeimba kwenye maktaba, kwenye kumbi za chini ya makanisa, kwenye maonyesho ya ng'ombe. Nimetoa santuri tano. Sasa nimekwambia.

Hamad amenipeleka kwa daktari aliangalie hilo koo. Ni mambo madogo.

Mdogo wako,
Haidar


Jeddah, 21 Novemba 2024

Haidar mdogo wangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi wazima, ila Mubarak amepata kidonda cha kulala mgongoni, nakisafisha asubuhi na jioni naye ananipiga macho kama mkwe aliyeudhiwa. Mvua imenyesha wiki hii, Ghulail ikawa ziwa, maji yakaingia mpaka ukumbini. Mazulia nimeyapandisha juu ya kabati, na mpaka leo nyumba inanuka kama kisima.

Mwimbaji! Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea Mubarak. Akatoa ile sauti yake ya puani. Nikadhani anataka maji, nikampa, akayatema. Kumbe anacheka.

Mie sicheki. Karibu nusu karne nawaambia watu nina ndugu injinia. Bi Zeinab wa ghorofa ya juu alinisumbua mwaka mzima nikuandikie umtafutie mwanawe kazi. Lakini hilo nitakusamehe siku nitakayokuona. Jengine ndilo silipendi. Vumbi, umesema. Vumbi la Riyadh umelikuta juzi tu, limekukaba saa ngapi? Hamad alipokuja alikaa hapo kwenye kochi na chakula hakukigusa. Nikamuuliza, "Mjomba wako ana nini?"

"Mama, atakwambia mwenyewe."

Mwanangu namjua. Jambo likiwa dogo hulisema lote na kuongeza. Likiwa kubwa ndipo anapopata adabu.

Basi daktari amesema nini? Niandikie kwa maneno yake, usinipambie. Na jengine nakuuliza kwa kuwa umelianza wewe: katika hizo santuri tano, uliwahi kutuimba sisi? Mama, Unguja, nyumba yetu ya mtaani Malindi? Au ni mahindi tu?

Dada yako,
Mwanakhamis


Riyadh, 16 Desemba 2024

Dada Mwanakhamis,

Salamu kwako na kwa shemeji, na pole kwa kidonda chake na kwa mazulia. Sisi huku tuna baridi, au ndivyo wanavyoiita. Huda amewavisha watoto makoti na kofia za sufi. Mie nakaa uani na shati. Iowa mwezi huu mate huganda kabla hayajafika chini.

Kwanza nikueleze nilivyoanza. Chuoni nililala chumba kimoja na kijana anaitwa Norman, mtoto wa mkulima. Likizo ya kwanza alinichukua kwao. Huko kila kijiji kina maghala ya nafaka marefu kupita mnara wa msikiti, yamejaa mahindi makavu. Siku tuliyofika, mdogo wake Norman, Jeremy, alipanda juu ya mahindi ayasawazishe, na mtu mwengine akafungua mlango wa chini bila kujua. Mahindi yakaanza kushuka, yakamvuta. Walimtoa amekufa, kinywa kimejaa punje.

Nyumbani kwao hakuna aliyesema neno. Wale watu hawalii mbele za wenzao. Mama mtu alikaa jikoni akimenya viazi, vikajaa beseni, akaleta jengine, na hakuna aliyekuwa na njaa. Mie nilimwogopa yule mama kuliko nilivyoogopa maiti. Ukutani palikuwa na gitaa la babu yao. Norman alinionyesha kuweka vidole namna tatu tu, na kwa namna hizo tatu nikatunga wimbo kuhusu mwanamke na viazi vyake. Nilipomwimbia alikitua kisu akalia, alilia mpaka mumewe akaja kusimama mlangoni. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, hata Baba akinikana.

Baadaye ilikuja miaka mibaya, wakulima wakauziwa mashamba yao mnadani. Norman alipiga simu: "Njoo uimbe, watu wamekuwa kama mawe." Nikawa naimba juu ya magari ya mizigo huku trekta ya mtu ikinadiwa. Huko ndiko nilikokutana na Lois, mwalimu wa skuli, aliyenioa mie, si mie niliyemwoa. Aliendesha gari letu na kuitikia nyimbo zangu miaka thelathini. Mtoto hatukujaaliwa. Tangu afariki mwaka juzi nimeimba mbele za watu mara moja tu, mazikoni kwake.

Ama koo, daktari ameona kitu kidogo kwenye kisanduku cha sauti. Amekata kipande kwenda kupima. Anasema tungoje tuone. Basi tunangoja.

Swali lako jengine nitalijibu siku nyengine.

Haidar


Jeddah, 7 Januari 2025

Haidar,

Salamu nimeziweka kwanza kwa desturi, lakini leo sina habari za nyumbani. Mubarak yuko vile vile.

Hamad amesema. Nilimshika mkono nikamwambia, sikupi radhi, mwanangu, ukitoka humu na hilo jambo tumboni mwako. Akalitoa lote, huku akilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Ni saratani. Neno lenyewe nimeliandika. Na daktari hakusema mngoje. Alisema wakikate kisanduku chote mwezi huu huu, kabla ugonjwa haujashuka mapafuni, na ikichelewa hatakuwa na la kufanya. Karatasi iliwekwa mbele yako. Ukasukuma kiti nyuma, ukatoka. Hamad anasema ukikohoa unaificha leso yako, na yeye anajua kwa nini.

Ndiyo maana hukutaka simu. Ulijua nitasikia.

Mie siku hizi simu ikilia naiangalia kwanza kama mtu anayeangalia nge. Hofu kama hii nimeipata mara mbili tu maishani. Mara moja Mubarak alipoanguka bafuni. Na mara ile nyengine, unaijua, siiandiki.

Tia saini, mdogo wangu. Umeimba vya kutosha, wamekusikia huko kwenye mahindi yao, sasa inatosha. Sauti ni nini mbele ya roho? Nyamaza uishi.

Nijibu haraka. Hamad anarudi Jeddah tarehe ishirini.

Mwanakhamis


Jeddah, 3 Februari 2025

Haidar, Haidar,

Tarehe ishirini Hamad alikuja mikono mitupu. Nikasema umekasirika, utaandika. Leo asubuhi Hamad amenipigia: tangu juzi hujulikani ulipo. Umeacha simu juu ya mto, umechukua koti, basi. Wamekwenda hospitali zote na vituo vya polisi. Huda anasema uliaga kwa mkono tu, akadhani unakwenda msikitini.

Namwandikia mtu ambaye sijui yuko wapi, kwa kuwa nikikaa bure nitapiga kelele, na Mubarak ataogopa. Ananiangalia sasa hivi. Amejua kuna kitu, ananifuata kwa macho kila ninapokwenda.

Kama ni neno langu lililokukimbiza, nimelifuta. Usitie saini ukitaka. Imba mpaka mwisho ukitaka. Lakini rudi, nisikie tu kwamba umerudi. Usife njiani peke yako kwenye nchi ambayo hata hukuimaliza kuijua.

Dada yako


Riyadh, 9 Februari 2025

Dada yangu,

Nimerudi, nipo chumbani kwangu, Hamad ameninunia na anayo haki. Nisamehe kwa siku zile. Nitakueleza.

Nilipanda basi la Jeddah. Nilifika asubuhi, nikauliza watu wa Ghulail mpaka nikaiona nyumba yako, dirisha la chini lenye wavu wa kijani. Nilikuja kukwambia uso kwa uso kwamba sitii saini, na kwamba nimekuja kukaa kwako nife kwa sauti yangu mwenyewe. Nikauinua mkono nibishe hodi. Dirisha lilikuwa wazi, nikakusikia.

Ulisema, "Unataka chai? Hutaki. Unataka nini basi, maziwa? Usinikodolee macho, maziwa yamekwisha jana na aliyeyamaliza ni wewe." Yeye akatoa mngurumo. Ukasema, "Mwongo mkubwa! Mie nilikunywa kikombe kimoja tu." Akanguruma tena, ukacheka, ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Haya, umeshinda wewe, bwana. Halas, yamekwisha."

Mkono niliushusha, Dada. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani, mwenye duka akaniletea maji. Usiku nililala kwenye hoteli ya bei rahisi, na siku ya pili nikarudi tena dirishani kwako kusikiliza, kama mwizi. Kisha nikapanda basi.

Sasa nitaandika lile usiloliandika. Mwaka wa sitini na nne mie nilikuwa na miaka minane, wewe kumi na nne. Watu walipoingia nyumbani kumtafuta Baba ulinivuta chini ya kitanda cha Mama, ukaniziba mdomo kwa kiganja, ukanipulizia sikioni: "Nyamaza uishi." Maneno hayo hayo uliyoniandikia Januari. Najua hukukumbuka ulipoyaandika. Niliona viatu vyao. Kimoja kilisimama karibu na uso wangu, kamba imekatika imefungwa fundo. Walipoondoka uliutoa mkono, na sauti yangu haikurudi. Haikurudi safarini tulipokimbia Unguja, haikurudi Jeddah miezi na miezi. Mama aliniandikishia kombe kwa masheikh, nikanywa wino wa aya mpaka nikatapika. Na siku zote hizo wewe ndiye uliyenisemea. "Haidar anataka maji. Haidar hataki kulala upande huo. Haidar amekasirika, mwacheni." Hukuwahi kukosea.

Sikuwa mwimbaji kwa kupenda sifa. Niliimba kwa kuogopa. Nikikaa siku mbili bila kutoa sauti nilikuwa nakiona kile kiatu. Daktari aliposema watakitoa kisanduku, nilijiona nimerudi chini ya kitanda, na mara hii hakuna wa kuutoa mkono. Kisu chenyewe sikukiogopa.

Lakini pale dirishani nilikumbuka kwamba hata chini ya kitanda sikuwa peke yangu. Na mkono ule ulituokoa sote wawili. Sikuwahi kukwambia, nakwambia sasa.

Ama swali lako. Katika santuri ya tatu kuna wimbo mmoja hauna maneno. Ni mvumo tu, midomo imefumbwa, na gitaa polepole. Watu wa Iowa walidhani nawaimbia upepo wa mashambani kwao, nikawaacha wadhani. Ni wenu. Ndio pekee niliowatungia, maneno sikuthubutu kuyatia.

Nimetia saini. Upasuaji ni Jumatatu tarehe ishirini na nne. Daktari hakuficha: tumechelewa, na hajui atakachokikuta ndani.

Naogopa sana.

Haidar


Jeddah, 17 Februari 2025

Mdogo wangu,

Ulifika mlangoni kwangu, hukubisha hodi. Mwenye duka ameniambia kweli alikuja mzee mmoja akakaa ngazini na macho mekundu, akadhani ni haji aliyepotea. Hilo la kutobisha hodi sijui lini nitakusamehe. Nilikuwa nimepika pilau siku ile.

Hamad aliutafuta ule wimbo kwenye simu yake. Tuliusikiliza, mie na Mubarak, Hamad ameshika simu katikati yetu. Mubarak alifumba macho. Ulipokwisha akaonyesha kwa kidole urudiwe. Mie wimbo huo na la kitanda nimeyaweka moyoni. Usiniulize. Nimeyasoma yote.

Nenda Jumatatu. Mie naogopa, wewe ogopa pia, lakini nenda. Jumapili nipigie simu. Hata kama ni mikwaruzo, nipigie.

Mwanakhamis


Riyadh, 20 Machi 2025

Dada Mwanakhamis,

Ramadhani karim, ingawa inakaribia kutuaga. Nakuandikia kutoka hospitali, mkono bado mzito. Nipo. Napumua kwa tundu lililo hapa chini ya shingo, na chakula kinapita kwenye mpira wa puani. Harufu zimeondoka, maana puani hakupiti hewa. Futari ya wauguzi inapita mlangoni na mie naijua kwa macho tu. Wamenijaribisha kifaa cha kubonyeza shingoni kinachotoa sauti. Nilisikika kama lifti inayotangaza ghorofa. Nimekirudisha kwa muda.

Siku ya kwanza nilipozinduka nilitaka kupiga kelele na hapakuwa na kitu. Mdomo unafunguka, hewa inatokea kwengine. Ilikuwa kama nilivyoogopa, sitakudanganya. Nilimshika muuguzi mkono mpaka akafura vidole. Mama mmoja wa Kenya anayefagia wodi, Celestine, aliniona akasema, "Pole baba, usiseme, nimeona. Ni maji unataka." Nilikuwa sitaki maji, lakini niliyakubali kwa kuwa ameuliza.

Ile Jumapili tuliyozungumza nilikuwa nimetayarisha maneno makubwa. Nilitaka hata kukuimbia. Ukaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. "Umekula nini?" Nikasema samaki. "Samaki gani huko jangwani?" Tukaingia kwenye changu na tasi, na kwamba Huda anamwaga tui la kwanza. Sauti yangu yote iliyobakia tukaimalizia kwenye samaki. Nimefikiri sana hapa kitandani, na sioni pahali pengine ambapo ningependa kuimalizia.

Sasa niambie ukweli. Tangu nipasuliwe sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Hamad alipotea siku kadhaa, akasema ni kazi Jeddah, akarudi hajanyoa ndevu, macho yamevimba. Anakaa hapa kitini, namwandikia kwenye ubao, "Daktari amekwambia nini?" Anasema, "Yote mazuri, Mjomba," kisha anatoka nje kwenye ujia, namsikia anavyojizuia. Jana Huda alikuja na kuninyooshea shuka, machozi yakamdondokea mkononi mwangu, akasema ni mafua. Nimeimba kwenye mazishi mengi, Dada, nazijua nyuso za watu wanaomwangalia anayekwenda. Ugonjwa umeshuka mapafuni, sivyo? Wewe umeambiwa, ndiyo maana huandiki.

Wewe hujawahi kunipamba. Niambie, nijitayarishe.

Haidar


Jeddah, 4 Aprili 2025

Haidar mdogo wangu,

Idi imepita, nakupa mkono wake. Sijambo kwa mwili.

Wewe hujambo. Nimemuuliza Hamad mara mbili, nikazungumza na daktari mwenyewe kwa simu: hawakukuta kitu mapafuni, na kingo walizokata ni safi. Usilie kwa ajili yako.

Uso uliouona kwa mwanangu ulikuwa wa msiba wa baba yake. Mubarak amefariki tarehe kumi ya Machi, siku za mwanzo za Ramadhani, baada ya futari. Alikula tende moja na uji. Nikamuuliza, "Nikuongeze?" Hakunguruma. Nikamuuliza tena huku nimempa mgongo naosha kikombe, nikajijibu mwenyewe, "Hutaki, haya." Nilipogeuka alikuwa amekwisha ondoka. Sijui niliyekuwa nazungumza naye alikuwa bado yupo au hayupo.

Hamad alikuja akamzika, akakaa matanga, akarudi kwako. Daktari alisema usishtuliwe mpaka jeraha lifunge, ndipo mie nikamwambia Hamad asikwambie. Mtoto wa watu amekaa kitini kwako na msiba wa baba yake mfukoni, akisema yote mazuri. Mpe radhi zako. Na mie sikuandika kwa kuwa sikuweza kuandika barua nzima nikasema "Mubarak yuko vile vile."

Miezi yote hii nilikuwa nimeugeuzia uso upande wako, nasikiliza simu ya Riyadh. Mauti yalipita nyuma yangu, ndani ya chumba changu.

Nipo kwenye eda, sitoki. Bi Zeinab huteremka kunitazama.

Mwanakhamis


Riyadh, 12 Aprili 2025

Dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amlaze shemeji pema na akupe subira.

Barua yako nilipoimaliza nilimwita Hamad kwa kupiga makofi. Alipoingia na kuiona mkononi mwangu alijua. Alipiga magoti pale chini, akakiweka kichwa mapajani mwangu, akalia vile alivyokuwa akilia peke yake kwenye ujia. Nilimshika kichwa mpaka akamaliza.

Sikumjua Mubarak vya kutosha. Nimemsikia akibishana juu ya maziwa, na hapo nikampenda.

Wameniruhusu kutoka. Mpira wa puani wameutoa, nakula vilaini. Hofu haijaondoka, kila baada ya miezi mitatu watanichungulia tena, na usingizi wangu umekuwa wa sungura. Hamad anataka nibaki kwake. Lakini eda yako ina miezi bado, wewe hutoki, na mie ni ndugu yako wa tumbo moja, hakuna atakayeuliza. Ningependa kuja. Ila nimefikiri: umetoka kumuuguza mtu asiyesema, na sasa nikuletee mwengine? Ukimya wangu utakuchosha. Na tundu la shingoni lina kelele zake, na linahitaji kusafishwa, si kitu cha kutazamwa wakati wa kula.

Gitaa vidole vinaweza bado. Nimeanza hata kutunga. Lakini si la kupigwa katika nyumba ya msiba, najua.

Sema ndiyo au hapana, sitanuna.

Haidar


Jeddah, 20 Aprili 2025

Haidar,

Salamu zako nimezipokea, na za nyumbani hapa ni fupi: mie na kuta.

Umeuliza kama ukimya wako utanichosha. Nimeishi miaka sita na mwanamume asiyekuwa na neno, na hapakupita siku tusiyogombana. Kinachonitisha sasa si kimya cha mtu. Namimina vikombe viwili vya chai, nauliza, najijibu, na hakuna wa kunikatalia. Jana nilisema kwa sauti kwamba maziwa yamekwisha, nikasikia sauti yangu inavyozunguka chumba na kunirudia, nikawasha redio zote mbili.

Basi njoo unikatalie. Hamad amekwisha kata tikiti ya Alkhamisi, nilimwambia akate kabla sijakujibu. Tundu lako utanionyesha namna ya kulisafisha, nimesafisha makubwa kuliko hayo. Gitaa lilete, litakaa juu ya kabati mpaka eda iishe, kisha tutaona. Uji nitakupikia wa mchele, wa tui la pili, la kwanza nakunywa mie.

Ujue nitasema kutwa nzima. Nitakusemea hata usilolitaka. Ukichoka nitupie mto. Mubarak alikuwa akinitupia, na alikuwa na shabaha.

Dada yako,
Mwanakhamis